Vumbi la Laptopu

Siku Baba alipofariki, nyumba ilijaa watu, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Walipotawanyika ndipo binti alipogundua kwamba mama yake halali. Kila asubuhi macho mekundu, chai anaitia chumvi.

Kisha usingizi ukamrudia, na hapohapo akaanza kuing'ang'ania laptopu ya marehemu.

Ilikuwa kongwe, Baba alipewa na ofisi alipostaafu. Herufi tatu zimeng'oka, haiwaki bila waya, na feni yake ina visa: inaanza kwa kunong'ona, inapanda, inakwama, halafu inashuka kwa mluzi. Kila jioni Mama aliibeba chumbani kama mtoto mchanga.

"Mama, si nimekununulia mpya? Haitoi hata sauti."

"Mpe mumeo."

"Picha za Baba nitazihamishia humo zote."

"Picha ninazo kichwani. Hii bado inafanya kazi."

"Kazi gani, na skrini yenyewe inawaka ikipenda?"

"Skrini ya nini?" Mama akacheka peke yake.

Binti akaamua kumfanyia jambo la maana. Mama alipotoka kwenda sokoni, akaipeleka mbiombio kwa fundi. Fundi akaifungua, akapuliza, akatoa vumbi la kujaza kikombe, akaitia feni mafuta. Laptopu ikatulia kama maji mtungini.

Kesho yake Mama akaibuka sebuleni, macho mekundu tena.

"Nani kaigusa?"

"Fundi, Mama. Si unaona ilivyopona?"

"Imepona! Nani kawaambia inaumwa? Twende akairudishe ilivyokuwa."

"Mbovu?"

"Na vumbi lake!"

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Vumbi alishalitupa. Akalegeza skrubu moja ya feni, akamtazama mama mtu mzima aliyesimama mbele yake amefumba macho, anasikiliza.

"Bado," alisema Mama. "Huyo ni mgeni."

Akalegeza ya pili.

"Ongeza kidogo... Hapo. Hapohapo, mwanangu. Usiguse tena." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Siku hizi Mama analala fofofo. Laptopu inalala upande wa ukutani, juu ya mto wa Baba, na ikizidisha kukoroma, Mama huipiga kiwiko na kusema, "Geuka, mzee."