Chini ya Matoazi

Wajukuu zangu, nawategea kitendawili hiki: amefunikwa kwa kelele tangu ujana, na bado hajanyamaza. Mmeshindwa? Mji sitaki, jibu nawapa bure.

Ni mstari mmoja wa wimbo wa roki wa babu yenu. Wakubwa wa serikali waliukataza, studio ikaufunika kwa matoazi, na watu wakazoea kupiga makofi pale pale.

Juzi dada yenu, fundi wa sauti, alikuwa akiisafisha kanda ya awali ili wimbo utoke upya, mimi na babu yenu tumekaa naye. Akayashusha matoazi taratibu. Chini yake ikatoka sauti ya babu yenu, changa, isiyotetemeka: “Mfungueni kaka yangu.”

Jamani, mume wangu alikuwa anajua kuimba.

“Babu, niurudishe, au bado unaogopa?” dada yenu akauliza.

“Mashabiki watakununia,” nikamtania mzee. “Utawanyima makofi yao.”

Hakucheka. Wimbo ukarudiwa, naye akaufuatisha gotini kwa vidole vyake vilivyoota sugu za nyuzi za gitaa. Mstari ule ulipofika, vidole vikatulia.

“Naogopa,” akasema. “Urudishe.”