Sauti ya Hidaya

Mwanafunzi wa uimbaji katika chuo cha muziki anakosoma Hidaya huko Ulaya haruhusiwi kuzungumza nje ya darasa, asije akachosha koo. Simu za nyumbani hupigwa na mashine yenye sauti yake, ikitamka anayoyaandika yeye.

"Shikamoo, mama," sauti ya Hidaya ilisema, Bi Mwanasha akiwa jikoni Tanga anakuna nazi.

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula vizuri. Mguu wako unaendeleaje?"

Bi Mwanasha akaacha kukuna. Binti yake hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi. Basi akaanza kisa cha ugomvi wa majirani, akakizungusha, akakirudia mwanzo makusudi, akingoja aambiwe, "Mama, fupisha!"

"Ehe. Kisha?" sauti ikaitikia kwa upole.

"Hidaya, ni wewe unayeandika?"

"Ni mimi, mama. Endelea, nakusikiliza."

Bi Mwanasha akakata simu. Akapiga ofisini kwa chuo, ameazimia kudai aonyeshwe uso wa mwanawe.

Simu ikapokelewa mara moja.

"Karibu chuoni," sauti ya Hidaya ilisema. "Nikusaidie nini?"