Kiti Kilichosogezwa Mbele

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, hata magoti ya Harm yakagonga usukani. Evert, mwenye gari, alikuwa mrefu kama mlingoti. Asingeweza kukaa pale hata kwa kukunjwa.

Halafu Harm akasikia harufu. Yalikuwa marashi ya Trijntje, mkewe.

Alilitoa lile gari-nyumba, gari la kulala safarini, uani kwa Evert, akaliingiza gereji, akalipandisha juu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa kijiji, na Evert alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye meno mazuri na nafasi nyingi.

Akazungusha gurudumu la nyuma, la kulia. Likakoroma. Beringi ilikuwa imekwisha na ekseli imeanza kulika. Gari lilikuwa limevutishwa trela mara nyingi, tena na mtu asiyejua kurudi nyuma, maana bampa zima lilikuwa na michubuko.

Lini, hakuhitaji kuuliza. Kila Jumanne Trijntje alikuwa "kwa dada", na kila Jumanne simu yake ilikuwa imezimwa. Akaitupa spana sakafuni kwa wivu. Miaka yote hiyo ya ndoa, na bado akimpenda kama kichaa!

Saa ya kahawa Evert akaingia akipiga mluzi.

"Vipi, bwana fundi? Mgonjwa wangu atapona?"

"Una safari?"

"Gari lina safari. Kesho, Ujerumani, na trela."

"La kubeba nini?"

Evert akacheka, akatazama pembeni. "Wewe nawe! Mambo mengine hayaulizwi. Niambie tu, ekseli itafika?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Kwa mzigo mwepesi, beringi ingepiga kelele na gari lingekwama, basi. Kwa mzigo mzito, gurudumu lingeng'oka katikati ya barabara kuu, na aliyemo humo Mungu amsaidie. Harm alilijua hilo vizuri. Lakini wapenzi wawili wangevuta nini zaidi ya baiskeli zao? Acha wakwame. Acha wasimame kando ya barabara na fulana zao za njano za tahadhari, dunia nzima iwaone.

"Itafika," akasema, akajifuta grisi mikononi.

Jioni Trijntje akamwambia kwamba kesho angekwenda kwa dada.

"Kesho Ijumaa. Dada siku hizi anapendwa kweli," Harm akasema.

"Wivu utakuua, mume wangu." Akambusu shavuni, akaenda zake jikoni akiimba.

Ijumaa mchana kazi ilimshinda. Akafunga gereji mapema, akarudi nyumbani. Gari-nyumba halikuwapo kwa jirani. Lakini Evert alikuwapo, tena kwenye bustani ya Harm, amepiga magoti, akisimamisha sanamu la mzee mwenye ndevu lililoshindiliwa nyasi kavu. Ni lile ambalo kila mwanamume wa kijiji huwekewa mbele ya nyumba anapotimiza hamsini. Harm angetimiza kesho yake. Kwa wivu, alikuwa amesahau.

"Ah, umeniharibia!" Evert akapiga kelele. "Mkeo ataninyonga!"

"Yuko wapi?"

"Basi, yameshamwagika. Lile trekta la marehemu baba yako, mlilouza ukalia kama mtoto? Trijntje amelipata kwa mkulima mmoja Ujerumani. Akakataa katakata mtu mwingine asilifuate. Amenipigia wakati anaondoka huko. Limeshapanda kwenye trela, zima, na magurudumu yake yote ya chuma. Sasa hivi yuko barabara kuu."

Harm alikuwa ameshatoa simu. Akabonyeza namba ya mkewe.

"Usijisumbue kumpigia," Evert akasema, akitabasamu kwa fahari. "Jumanne zote zile nimemfundisha vizuri. Akishika usukani, simu anaizima."