Picha ya Jicho la Mwanatumu

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2014, buibui Mwanatumu binti Makame, mpenda sifa asiye na mfano, alikuwa akilinda kifuko chake cha mayai juu ya jani la mgomba, mpiga picha alipomsogezea kamera karibu kabisa na uso. Alimsihi asitikisike, kwa kuwa kwa ukaribu ule hata pumzi huharibu picha.

Nyuma ya Mwanatumu siafu wakaanza kulipanda jani.

“Shoga, siafu hao, beba wanao,” alisema jirani yake, Panzi.

“Wivu huo,” alijibu Mwanatumu bila kugeuka. “Wewe umeombwa picha na nani?”

“Sijaombwa, wala siombi. Wameshakifikia kifuko.”

Mwanatumu alihisi jani likitetemeka, akajikaza hadi kamera ikalia.

Mpiga picha akamwonyesha kioo cha kamera. Jicho lake lilijaa humo kama sahani, likimeremeta. Nyuma yake pichani, mahali pa wanawe, palikuwa na ukungu mtupu. Alipogeuka, kifuko kilikuwa kimebaki ganda.

Konokono wa mgomba huohuo husimulia kwamba siafu walimvizia. Hilo si sahihi: aliarifiwa mara mbili, naye alisikia.