Mchanga wa Viroba

Viroba vya mchanga vilikuwa vimepangwa vizuri mno kuizunguka nyumba yangu ya wageni, na hilo ndilo lililonitia shaka. Shemeji yangu Mashimba hajawahi kumaliza kazi bila kusukumwa.

"Sasa ziwa lipande linavyotaka," alisema akijikung'uta mikono. "Wageni wako watalala pakavu."

Tangu mvua zianze nilikuwa namwambia aagize lori la mchanga kutoka Buswelu, naye kila siku ananijibu kesho.

"Lori lilikuja lini?"

"Lori la nini tena, shemeji? Mchanga wote ule uko hapo chini, halafu tukanunue?"

Sikumuuliza chini wapi. Nilishuka ngazi za ufukweni, yeye yuko nyuma yangu, anaendelea kunieleza jinsi watu wa mjini tunavyopenda kununua kila kitu.

Chini ya veranda palikuwa na shimo refu kama mfereji, na maji ya ziwa yalikwishaingia. Nguzo ya kona bado ilikuwa imesimama. Nilipiga magoti nikapitisha mkono chini ya msingi wake. Haukugusa udongo wala jiwe. Ulitokea upande wa pili, umelowa.

"Shemeji," nilimwambia, "hii nguzo imekalia nini?"

Akainama, akachungulia.

Juu yetu mlango ukafunguliwa. Wageni walikuwa wanaburuta meza kubwa ya mninga kuileta verandani, wanywe chai wakilitazama ziwa.