Ruhusa Imekataliwa

"Ruhusa imekataliwa," ilisema kompyuta, na Chepchumba akaufungua tena mkoba aliokuwa amekwisha kuufunga.

Alijaribu tena, polepole zaidi, kama mtu anayerudia ombi kwa adabu. Kanuni ya ofisi ya maji pale Kakuma ilikuwa wazi: anayekwenda likizo anakili kazi yake yote kwenye diski ya nje, anamkabidhi anayebaki, ndipo aondoke. Akaiburuta folda ya visima hadi kwenye diski. Maneno yakarudi yale yale, mekundu.

Harusi yake ilikuwa Jumamosi, Kapsabet. Leo ilikuwa Jumatano.

"Dada, hiyo mashine imekataa uolewe," alisema Dut, mwenzake wa meza ya pili, ambaye ndiye angekabidhiwa kazi. "Umeiambia ni harusi yako? Pengine inafikiri unaenda tu kula pilau ya wengine."

"Dut, usinichekeshe."

"Sicheki. Mimi mkimbizi, nikitaka kutoka kambini naomba karatasi kwa mtu. Wewe unaomba kwa waya."

"Si waya. Ni Kariuki."

Kariuki alikuwa mkuu wao, na ofisi yake ilikuwa Lodwar. Wiki iliyopita alitia sahihi barua ya likizo ya Chepchumba bila neno. Kumbe alikuwa na njia nyingine ya kukataa. Yeye ndiye aliyeagiza kompyuta zote zibadilishwe ziseme Kiswahili, ili kila mtu aelewe anachoambiwa, na tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyekwenda nyumbani. Mwenyewe pia hakwenda. Watu walisema hana kwao, kazi ndiyo mke wake.

Chepchumba alilala na hasira, akaamka nayo. Asubuhi alipanda gari la ofisi hadi Lodwar, gauni la harusi magotini na diski mkobani, kama ushahidi.

Mlango wa Kariuki ulikuwa umefungwa, naye alikuwa kwenye simu. Kupitia kioo Chepchumba aliiona suti nyeusi ikining'inia ukutani ndani ya mfuko wa plastiki wa dobi, katika joto ambalo hata shati ni mzigo. Ilikuwa hapo kila alipokuja. Wafanyakazi walisema ni ya kuwapokelea wakubwa kutoka Nairobi. Lakini wakubwa walikuja, wakaondoka, na plastiki haikuchanika.

"Ejok, bibi harusi," alisema Nabei, karani wa mapokezi, akimsalimu kwa Kiturkana. "Kaa hapo, atamaliza. Hiyo ni diski? Nipe kidogo, niwekee kwaya nyimbo."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaburuta nyimbo. Kompyuta ikamjibu. Nabei akasoma kwa sauti, kisha akashika kiuno.

"Ruhusa imekataliwa? Ruhusa gani! Mimi nimeomba kwenda wapi? Kwetu ni hapo nyuma ya soko!"

Chepchumba akacheka. Halafu akaacha kucheka, akasogeza kiti karibu.

Alibonyeza picha ya diski, akafungua maelezo yake, akayasoma mstari kwa mstari. Mmiliki: Byron. Wengine: kusoma tu.

"Byron ni nani?"

"Si yule kijana wa kompyuta aliyehamia Kisumu? Ndiye alituletea hii diski ya ofisi zote mbili."

Byron alikuwa amekwenda zake, lakini diski ilikuwa bado inamtambua yeye peke yake. Wengine wote iliwaonyesha vilivyomo, bila kupokea chochote kutoka kwao. Nabei akaandika nenosiri la ofisi, na Chepchumba akabadilisha mahali pamoja tu: kusoma na kuandika. Nyimbo zikaanza kuingia.

Basi hakuna aliyemkatalia mtu. Diski ingerudi Kakuma na gari, Dut angenakili folda ya visima mwenyewe, na yeye angepanda basi la Kitale jioni hiyo hiyo. Alicheka hadi machozi, Nabei naye akacheka bila kujua sababu.

Akaichomoa diski, akabisha mlango wa Kariuki. Alitaka kumsimulia kituko hicho, na moyoni amwombe radhi kwa yote aliyomwazia njia nzima.

Kariuki alikuwa ameweka simu chini. Alipoiona diski mkononi mwake, aliinuka akamvutia kiti.

"Usiniambie," alisema kwa upole. "Dut amenipigia. Imekukatalia."

"Bosi, ile ni—"

"Najua inavyouma, Chepchumba. Watu wanadhani ni mimi. Mimi natia sahihi zote, lakini Nairobi wakikataa kupitia mashine, nitafanya nini?"

Akaigeukia suti, akaifuta vumbi plastiki yake kwa kiganja, taratibu, kuanzia mabegani hadi chini.

"Mimi ilinikatalia wiki ya harusi yangu. Nikamwambia mchumba wangu, Wanjugu, angoje, nitaomba tena. Alingoja sana, maskini. Mwezi uliopita kifungua mimba wake ameanza chekechea."