Sufuria Iliyokataa Kukomaa

Mhunzi aliukandamiza ukingo wa sufuria kwa kidole gumba, nao ukabonyea kama ugali.

Haikuwa kawaida. Alumini ya pistoni za malori mabovu, akiimimina na kuizamisha majini ingali ya moto, hutoka laini, kisha hukomaa yenyewe ikiachwa itulie. Sufuria hizi zilikuwa zimetulia tangu gulio lililopita la Kasulu, na bado zilikuwa laini.

Alijua kinacholeta hali hiyo: chembe ya risasi ya kulehemu ikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Na nyumba nzima, kitu chenye risasi ya kulehemu kilikuwa kimoja tu: kikombe cha binti yao, ambacho mkono wake aliuunga mwenyewe, mwaka ule walipokimbia Burundi.

Aliinua macho. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage.

“Umekitia kwenye chungu?”

“Kilikuwa kinanitazama kila asubuhi,” alisema mkewe. “Nikaona bora kiende.” Akauweka ungo chini. “Sasa kila asubuhi nakitafuta. Ukiziyeyusha tena, huwezi kukitoa?”

Mhunzi alizipapasa sufuria zote, moja baada ya nyingine. Tangu walipomzika binti yao, alikuwa akimwita mkewe “wewe” tu, kwa maana kumwita kwa jina la mtoto kulikuwa kumemshinda.

“Kikishayeyuka hakitoki,” alisema. “Hakitoki tena, Mama Niyonsaba.”